Snowblind, Raven Black au Faceless Killers: riwaya ipi ya mauaji, polisi wa mji mdogo na baridi kali?

kitulo_baridi

Wakuu, habari za jioni. Dada yangu anarudi nyumbani kutoka Uingereza, na begi lake limeshajaa. Amebakiza nafasi ya kitabu kimoja tu. Jumamosi anapita dukani. Nataka riwaya ya upelelezi: polisi wa mji mdogo, mauaji yatokee wakati wa baridi, mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake. Nimechuja, zimebaki tatu: Snowblind ya Ragnar Jónasson, Raven Black ya Ann Cleeves na Faceless Killers ya Henning Mankell. Waliosoma naomba mnisaidie, ipi nichukue?

Magomeni_Mapipa

Mkuu, swali lako limekuja nusu. Unasoma mwenyewe au unampelekea mtu? Huyo mtu anasoma Kiingereza vizuri? Anapenda fumbo la kuumiza kichwa au anapenda kumjua askari na maisha yake? Hizo tatu zote zina polisi na zina baridi, lakini baada ya hapo kila moja inashika njia yake.

Nikikisia unasoma mwenyewe, chukua Snowblind. Ni Siglufjörður, kaskazini kabisa mwa Iceland, mji uliowahi kutajirika kwa samaki wa heringi, kisha samaki wakatoweka mwishoni mwa miaka ya 1960 na watu wakahama. Askari kijana, Ari Thór, anatoka Reykjavík kwenda kuanza kazi huko mwishoni mwa 2008, wakati mabenki ya Iceland yameanguka na ajira hakuna. Mchumba wake, Kristín, anabaki Reykjavík. Bosi wake anamhakikishia kwamba huku hakutokei kitu. Kisha mwandishi mzee anaanguka ngazi kwenye jumba la maigizo na kufa, na mwanamke anakutwa kwenye theluji hajitambui, yuko nusu uchi. Maporomoko ya theluji yanafunga barabara, na aliyefanya hayo yumo mjini pamoja nao. Milima imeuzingira mji kiasi kwamba kuanzia katikati ya Novemba hadi mwishoni mwa Januari jua halionekani. Ile hali ya kijana kukosa pumzi usiku ndani ya nyumba ya watu imeandikwa vizuri sana.

Mkenya_Montreal

Hamjambo. Naona mmemsahau Louise Penny kabisa, na mimi siwezi kunyamaza. Kijiji cha Three Pines, hapa Quebec, na Inspekta Mkuu Armand Gamache. Kile cha pili katika mfululizo ndicho cha baridi: mwanamke anayechukiwa na kijiji kizima anauawa kwa umeme juu ya ziwa lililoganda, mchana kweupe, watu wote wamekaa wanatazama curling, mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu, na hakuna aliyeona. Fikiria umeme juu ya barafu, muuaji alifanyaje? Penny anakueleza hatua kwa hatua, na kila hatua inatokana na baridi yenyewe: viatu, glavu, kiti cha chuma. Toa baridi na mauaji hayo hayawezekani. Hicho ndicho kipimo changu cha riwaya ya namna hii.

Angalizo moja: kitabu hicho kina majina mawili. Canada na Uingereza kilitoka 2006 kama Dead Cold, Marekani kikaitwa A Fatal Grace. Watu wananunua vyote viwili wakidhani ni tofauti.

kitulo_baridi

Asanteni. Samahani sikueleza, ni zawadi ya baba. Ni askari mstaafu, Kiingereza anasoma bila shida.

Jalada

Hilo lilipaswa kuwa kwenye mstari wa kwanza, ndugu! Mzee alikuwa upelelezi au kazi za kawaida za kituo? Alifanya kazi wapi? Askari mstaafu hasomi kama sisi. Mimi nimekaa kwenye upelelezi miaka mingi na kinachonikera haraka ni mpelelezi anayebeba ushahidi mfukoni, anaingia eneo la tukio na kukanyaga kila kitu, halafu anafumbua kesi kwa kuota tu. Mzee atakitupa kitabu ukurasa wa 40.

Kwa askari, jibu ni Faceless Killers. Januari 1990, wazee wawili, mume na mke, wanavamiwa shambani kwao karibu na Ystad, kusini mwa Sweden. Mume ameuawa kinyama, mke yuko hai kwa shida, ana kitanzi shingoni kilichofungwa fundo lisilo la kawaida. Na farasi wao amekutwa ameshalishwa. Nani anaua watu halafu anamlisha farasi? Hapo ndipo kazi ya polisi inapoanza: kuhoji majirani, kufuatilia pesa za marehemu benki, vikao vya asubuhi, kahawa mbaya, tetesi zinazowapeleka kusiko. Mpelelezi mwenyewe, Kurt Wallander, analala kidogo, ndoa imekufa, baba yake anazeeka vibaya. Mwenzake Rydberg, mzee mgonjwa, ndiye mwalimu wake. Kila askari amewahi kuwa na Rydberg wake.

Magomeni_Mapipa

Kwa kazi ya polisi nakubali. Kwa baridi nakataa. Kusini mwa Sweden pale ni upepo na tope kuliko theluji. Wallander muda mwingi anaisubiri dhoruba tu.

Nesi_Tukuyu

Kuna jambo hamjaligusa na ndilo linanifanya nizisome hizi: baridi inavyovuruga saa ya kifo. Mwili wenye joto la kawaida, nyuzi 37, unapoa taratibu mpaka ulingane na mazingira, na daktari anakadiria muda kwa kuupima. Ukiwa nje usiku wenye barafu unapoa haraka mno. Wakati huohuo ule ukakamavu wa viungo unachelewa kuanza na unachelewa kuisha. Alama moja inakwambia amekufa zamani, nyingine inakwambia amekufa sasa hivi. Mwenye kisingizio cha "nilikuwa kazini saa hizo" anaponea hapo. Kwetu huku juu, Julai sakitu ikishuka kwenye viazi, nimeona mwenyewe maiti iliyoletwa alfajiri kutoka bondeni ikiwa ngumu na baridi kiasi kwamba ndugu walibishana na daktari, wakasisitiza kuwa marehemu alionekana jana jioni. Na walikuwa sahihi.

Kwa hiyo mimi napiga kura kwa Raven Black. Januari, visiwa vya Shetland kaskazini mwa Scotland, theluji imetanda, kunguru weusi wanazunguka juu ya kitu chekundu: skafu ya msichana wa shule aliyenyongwa nayo. Kijiji kizima kinamnyooshea kidole mzee Magnus, mpweke, kwa sababu miaka minane nyuma mtoto mwingine alipotea na yeye ndiye aliyeshukiwa. Cleeves anakuingiza ndani ya kichwa cha huyo mzee kuanzia mwanzo kabisa. Unamhurumia na unamwogopa kwa pamoja. Sijaona mwandishi mwingine aliyeandika vizuri hivyo namna kijiji kinavyomhukumu mtu kabla polisi hawajafika. Kilipata tuzo ya Dagger ya mwaka 2006, na nasema kilistahili.

Bi_Kiembe

Assalaam alaykum wanangu. Nawasoma nasikitika kidogo. Mzee wa Kitanzania anatafutiwa riwaya ya upelelezi na hakuna aliyemtaja Bwana Msa? Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohammed Said Abdulla ilishinda mashindano ya uandishi Afrika Mashariki nzima mwishoni mwa miaka ya 1950, ikachapishwa 1960. Kijiji kidogo, watu wanajuana, wanafichiana, wanaogopa mzimu, na mtu mmoja tu amekaa na kiko chake anafikiri. Alichokifanya Mohammed Said kwa kijiji cha Unguja hakipungui hata chembe kwa cha hao wa Shetland.

Jalada

Shikamoo Bi mkubwa. Bwana Msa namheshimu, ila si polisi. Kijana ametaka polisi. Ukitaka polisi kwa Kiswahili basi Simu ya Kifo ya Katalambulla, 1965, hapo Dar es Salaam. Lakini baridi haimo.

Bi_Kiembe

Marahaba mwanangu. Baridi na iwe kwa Wazungu, sisi tuna masika. Mvua ya masika inafuta nyayo kuliko theluji, theluji inazihifadhi.

Mkenya_Montreal

Bi Kiembe, hapo niruhusu. Theluji inahifadhi nyayo ikiwa imekoma kuanguka. Ikiendelea kushuka, nyayo zinafunikwa ndani ya dakika chache, na upepo ukipuliza unalainisha kila kitu. Ndiyo maana swali la kwanza katika riwaya hizi huwa "ilianza saa ngapi, iliacha saa ngapi". Nimeishi nayo, najua.

MtuwaVitabu_Arusha

Mwenye mada, kama dada anakununulia duka halisi Uingereza, mshukuru Mungu. Ngoja niwaambie yaliyonikuta na Snowblind. Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, hapahapa nchini, jina naliacha. Bei ilikuwa nzuri, picha ya jalada safi. Kimefika, karatasi ni ya kijivu, wino unabaki kwenye kidole gumba, na mgongo umebandikwa gundi inayonuka. Nikasema si neno, maneno yanasomeka. Nikasoma usiku kwa usiku. Nimefika pale Ari Thór ameanza kuunganisha vipande, anajua sasa kwamba kuna mtu aliyemdanganya, nafungua ukurasa unaofuata, nakuta tumerudi katikati ya kitabu. Kurasa zilezile nilizokwisha kuzisoma, mazoezi ya maigizo, mzee bado hai. Nikageuza mbele: zinaendelea hivyohivyo mpaka jalada la nyuma. Mwisho wa kitabu haumo! Kwa riwaya ya mapenzi ungeweza kukisia. Kwa riwaya ya mauaji ni dhuluma kabisa.

Nikampigia. Akasema mzigo wote uko hivyo, na kwamba wengine hawajalalamika. Nikamtumia picha, akakaa kimya. Nikaomba pesa, akanizuia nisimpate tena. Mwisho niliupata kwenye simu ya mwenzangu kazini, tumeketi kwenye ngazi muda wa chakula, ananishikia nasoma. Fumbo lenyewe lilikuwa zuri na nililifurahia, ila hasira haijanitoka mpaka leo. Mwandishi anahangaika miaka, mtafsiri anahangaika, halafu mtu anachapa nusu na kuuza. Mwambie dada afungue kurasa za mwisho palepale kaunta.

Magomeni_Mapipa

Pole sana mkuu. Hao wanatuharibia hamu ya kusoma.

Kuhusu mfululizo wa Ragnar kuna mtego mwingine. Kwa Kiingereza, kilichotoka baada ya Snowblind ni Nightblind, lakini hadithi yake inatokea kama miaka mitano baadaye. Blackout, Rupture na Whiteout zinakaa katikati. Mzee akikipenda cha kwanza, msimpe Nightblind moja kwa moja, atakuta maisha ya Ari Thór yameshabadilika bila maelezo.

Nesi_Tukuyu

Mimi nilisoma kwa mpangilio wa kutoka na sikupotea. Watu mnalikuza hilo.

Magomeni_Mapipa

Hukupotea kwa kesi. Kwa mambo yake na Kristín lazima ulipotea.

Jalada

Nightblind nyie mnagombania mpangilio, mimi kilichonishika ni askari kupigwa risasi akiwa kazini usiku. Iceland askari wa kawaida wa doria hawabebi bunduki. Mara ya kwanza polisi wa nchi ile kumuua mtu kwa risasi ilikuwa Desemba 2013, tangu taifa lao liwe jamhuri. Ukilijua hilo, kile kitabu kinakuwa kizito maradufu.

MtuwaVitabu_Arusha

Jalada, nirudi kwenye Faceless Killers. Yule mama kabla ya kufa anatamka neno linaloashiria "mgeni", habari inavuja kwenye vyombo vya habari, na wakimbizi wanaanza kushambuliwa. Msomali asiye na hatia anauawa. Mzee wetu atalipokeaje hilo? Sitaki mtu apewe zawadi imkere.

Jalada

Mankell ameiandika kwa hasira dhidi ya hao wabaguzi, si kwa kuwatetea. Alikuwa amerudi Sweden kutoka Afrika akakuta chuki imepanda, ndipo akamuumba Wallander. Huyu mtu aligawa maisha yake kati ya Sweden na Maputo, akiongoza kundi la maigizo la Teatro Avenida tangu 1986 mpaka karibu na kifo chake 2015. Halafu kwa askari, somo la taarifa kuvuja kituoni na raia kufa kwa sababu hiyo ni somo kubwa. Mimi lilinigusa kuliko hata yule muuaji.

kitulo_baridi

Nimesoma zote, asanteni sana. Nilikuwa naegemea Snowblind, sasa Raven Black na Faceless Killers zimenivuruga. Baba hakuwa upelelezi, alikuwa mkuu wa kituo, vituo vidogo vya Nyanda za Juu Kusini, mwisho Makete. Macho yake pia si mazuri sana siku hizi.

Nesi_Tukuyu

Macho! Basi muulize dada kama kuna toleo la herufi kubwa. Na mkuu wa kituo kijijini ni Raven Black, narudia. Ameona mzee Magnus wake.

Mkenya_Montreal

Kama hazipo, Dead Cold.

Jalada

Makete miaka gani? Niliwahi kupelekwa huko kusaidia kesi ya wizi wa ng'ombe, mkuu wa kituo alikuwa mtu mrefu, mpole, alitupa blanketi zake mwenyewe tulale. Barabara ya Njombe ilikuwa haipitiki.

kitulo_baridi

Afande, nimekutumia ujumbe pembeni.