Maelekezo ya wakala wa akili mnemba mnayapa 9 kati ya 10 bila kumwendesha hata mara moja?

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo wiki nzima, leo naitoa.

Jumatatu nimekabidhiwa faili la maelekezo ya wakala, yaani programu ya akili mnemba inayofanya kazi yenyewe, atakayeshughulikia maombi ya wateja. Nikaambiwa limeshakaguliwa, limepata 9 kati ya 10, kazi yangu ni kuliweka hewani tu. Nikauliza, aliyekagua nani? Modeli. Yaani akili mnemba yenyewe inayozalisha maandishi, ile ile iliyoliandika. Nikauliza tena, wakala ameendeshwa mara ngapi akiwa na faili hili? Kimya. Hakuwahi kuendeshwa.

Nikalifungua. Mstari wa kwanza: "Wewe ni mtaalamu mbobezi mwenye uzoefu wa miaka mingi." Wa pili: "Hakikisha unafanya kazi kwa ubora wa hali ya juu." Unashuka, unashuka, unafika kwenye "Tumia zana sahihi kwa wakati sahihi." Haya, tuziangalie hizo zana, yaani vijiprogramu ambavyo wakala huviita ili afanye kazi. Moja inaitwa tafuta_mteja, maelezo yake: "Hutafuta taarifa za mteja." Nyingine inaitwa pata_mteja, maelezo yake: "Hupata taarifa za mteja." Basi, yameishia hapo. Ya kwanza inasoma nakala iliyohifadhiwa usiku wa jana, ya pili inasoma hifadhidata yenyewe kama ilivyo sasa hivi. Aliyeziandika anaijua tofauti hiyo. Mimi nimeijua baada ya kusoma msimbo. Wakala ataijulia wapi? Hana jirani wa kumuuliza, hakuwepo kwenye kikao, ana hayo maneno manne basi.

Nikampa maombi 20 ya majaribio. Kwenye 7 alichukua nakala ya jana na kumjibu mteja kuwa malipo yake hayajafika, ilhali yamefika asubuhi. Kwa lugha ya upole sana, lazima niseme, maana faili limejaa mistari ya kumhimiza awe mpole.

Kuna na tarehe. Parameta, yaani taarifa ambayo wakala anaijazia zana, imeandikwa "tarehe: tarehe ya ombi". Mpangilio haukutajwa. Wakala akatuma 04/03 akimaanisha tarehe 4 Machi, zana ikaisoma kama tarehe 3 Aprili, ikarudisha orodha tupu, naye akahitimisha kwamba ombi halipo. Kwenye logi (kumbukumbu za mfumo) hakuna kosa hata moja, kila kitu kinasomeka kimefanikiwa. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu mteja halisi angeondoka akiamini ombi lake limepotea na sisi tusingejua kamwe. Dawa yake ni maneno machache: andika mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-03-04, na zana ikatae chochote kingine kwa ujumbe unaomwambia wakala alichokosea ili ajirekebishe. Je, ile modeli iliyotoa 9 iliona kasoro hiyo? Haikuiona, kwa sababu kwa kusoma tu sentensi haina tatizo lolote.

Na jamani, habari ya modeli kuwa hakimu si ngeni. Utafiti wa mwaka 2023 uliokuja na kipimo cha MT-Bench, cha kupima ubora wa majibu ya modeli, ulishaonyesha kwamba modeli zinazohukumu huelekea kupendelea jibu refu hata lisipokuwa bora, na huyumbishwa na jibu lipi limetangulizwa. Faili letu ni refu. Lina vichwa vya habari, lina herufi nzito, linapendeza macho. Hakimu wa namna hiyo akiliona analipa alama za juu, nanyi mnazibeba alama hizo mpaka kwenye ripoti!

Urefu wenyewe una gharama. Kila mstari unaoongeza wakala anaubeba kwenye kila hatua, na maandishi yakiwa mengi yale ya katikati hufifia. Hilo nalo lilipimwa 2023: modeli zilitumia vizuri zaidi habari zilizowekwa mwanzoni na mwishoni kuliko zilizozama katikati. Sasa mnadhani mstari wa "usirudishe fedha kabla ya kuthibitisha nambari ya muamala" nimeukuta wapi? Katikati kabisa, kati ya maelekezo ya namna ya kusalimia na maelekezo ya kutotumia emoji.

Desemba 2024 kampuni ya Anthropic, inayotengeneza modeli, waliandika kuhusu wakala wao wa SWE-bench (kipimo cha kurekebisha kasoro za programu), kwamba walitumia muda mwingi kurekebisha zana kuliko prompti kuu, yaani maelekezo makuu. Wakala alikuwa akikosea njia za mafaili (anwani ya faili lilipo) kila anapotoka kwenye folda ya mwanzo. Hawakumwongezea sentensi ya kumsihi awe makini. Waliibadilisha zana idai njia kamili ya faili, na kosa likaisha. Walilijua hilo kwa sababu walimwendesha na kutazama anajikwaa wapi.

Ninachodai ni kitu kidogo mno. Chukua kazi zile zile, mwendeshe wakala akiwa na faili, kisha mwendeshe bila faili. Kama hakuna tofauti, faili lako ni mzigo, lifute. Rudia kila kazi mara kadhaa, kwa sababu kupatia mara moja hakuthibitishi kitu. Wakala anayefaulu kwa asilimia 80 kila jaribio, ukimtaka afaulu mara 8 mfululizo anabakiwa na takriban asilimia 17, na wateja wako ni wengi kuliko 8. Halafu usimsikilize anavyojisifu mwishoni kwamba "nimekamilisha". Fungua hifadhidata uangalie imebadilika inavyotakiwa au la. Kipimo cha tau-bench cha 2024, kinachopima mawakala wanaohudumia wateja, kinafanya hivyo hivyo, kinalinganisha hali ya hifadhidata mwisho wa mazungumzo na ile iliyotarajiwa. Na weka kazi ambazo zana haipaswi kuguswa kabisa, kwa sababu maelezo yaliyoandikwa kwa upana kupita kiasi humfanya wakala aiite hata pasipohitajika. Hapo wengi hamjaribu kabisa.

Mkiniambia muda hamna, mimi nimeifanya kazi hii kwa siku 2, peke yangu. Zana mbili nimezipa majina yanayotofautiana na nimeeleza kila moja itumike lini. Mstari wa fedha nimeupandisha juu kabisa. Sifa zote za utaalamu nimezifuta, na wakala hakupungukiwa na chochote. Kwa maombi yale yale 20, kosa la nakala ya jana halijatokea tena. Jibu nililopewa ofisini ni kwamba nachelewesha kazi, na kwamba faili la zamani "lilishapitishwa".

Kesho asubuhi nina kikao juu ya hili na sitakubali lile la zamani liende hewani. Mwenye seti ya kazi za majaribio aliyowahi kupimia maelekezo ya wakala, hasa kwenye kazi zinazogusa fedha za watu, naomba aniambie aliijengaje na alirudia kila kazi mara ngapi. Na wewe uliyewahi kupitisha faili kwa kulisoma tu, rudi ukalijaribu leo, kisha uandike hapa ulichokikuta.