Yule wa LEFT JOIN sita kafanya tena, na leo kaongeza matusi

Wakuu, natetemeka kwa hasira. Simtaji, mnamjua. Jedwali ni moja tu, wafanyakazi: id, jina, bosi_id (id ya bosi wake; mkurugenzi hana, kwake ni NULL, yaani tupu). Kaambiwa atoe wote walio chini ya mkurugenzi. Kaliunganisha jedwali na lenyewe kwa LEFT JOIN mara SITA, w1 hadi w7, kila moja ngazi moja, kwueri (swali la SQL, lugha ya hifadhidata) ndefu kuliko foleni ya Ubungo. Wa ngazi ya 8 hawaonekani kabisa! Kuulizwa, anajibu mbele ya kikao kizima: "SQL haijui ukoo."

Haijui ukoo?! WITH RECURSIVE, kwueri inayojirudia ngazi kwa ngazi hadi mwisho, imo kwenye kiwango cha SQL tangu 1999!

WITH RECURSIVE ukoo AS (
SELECT id, jina, 1 AS ngazi FROM wafanyakazi WHERE bosi_id IS NULL
UNION ALL
SELECT w.id, w.jina, u.ngazi + 1
FROM wafanyakazi w JOIN ukoo u ON w.bosi_id = u.id)
SELECT * FROM ukoo;

Basi! Eti haijui ukoo.

Kisebusebu: Kunywa maji, mkuu. Halafu weka indeksi kwenye bosi_id, utafutaji uwe wa haraka.

MzeeWaSeva: Mleta mada naye mjuaji nusu. Juma akiwa bosi wa Asha, na Asha bosi wa Juma, kwueri yako inawaruka wote wawili kimyakimya, maana hakuna mwenye NULL. Ukianzia kwa Juma mwenyewe, inazunguka bila kukoma. Na usiniambie UNION tupu (bila ALL, inayotupa mistari iliyojirudia) itakuokoa: hiyo ngazi inapanda kila mzunguko, kwa hiyo hakuna mstari unaojirudia. Hifadhidata ya PostgreSQL 14 ina CYCLE ya kukamata mizunguko hiyo, itumie.

dada_kwueri: SQL Server ya Microsoft hilo neno RECURSIVE hailitaki, na ikifika mizunguko 100 inakutupia kosa. Pandisha kikomo kwa OPTION (MAXRECURSION 500), maisha yaendelee.

Pilipili: Mna raha nyie. Huku seva bado hifadhidata ya zamani, MySQL 5.7, hata WITH yenyewe haipo 😭

Mleta mada: Lakini jamani, HAIJUI UKOO??

Kisebusebu: Tumesikia.

bin_Null: Afadhali huyo wenu. Wetu anaweka bosi_id = 0 badala ya NULL. FOREIGN KEY (kanuni kwamba bosi lazima awemo kwenye jedwali) ikagoma, akaifuta FOREIGN KEY!

dada_kwueri: 😂😂 Wetu anatafuta wasio na wa chini yao kwa NOT IN (SELECT bosi_id...). Mkurugenzi ana NULL, na NULL moja tu ikiwemo NOT IN hairudishi mtu, matokeo sifuri. NOT EXISTS hataki kuisikia.

Pilipili: Kuna anayehifadhi tarehe kwenye VARCHAR, safu ya maandishi?

bin_Null: Wapo watatu. Ngoja nikusimulie.