Mrejesho: Gari nililouza lilikuwa bado linasoma jina langu

Ndugu zangu, niliuliza nifanye nini baada ya madeni ya maegesho ya Kariakoo kuendelea kuja kwa jina langu ilhali gari nilikwisha kuliuza. Nawashukuru kwa dhati, suala limekwisha. Mnunuzi alikubali tukamilishe uhamisho wa umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), kila mmoja akiwa na TIN (namba ya mlipakodi) yake, tukawasilisha kadi halisi ya gari pamoja na mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri na wakili, ambao tarehe yake ndiyo iliyotenganisha deni langu na lake. Kwa maoni yangu, hakuna karatasi yenye uzito kuliko hiyo. Ushuru wa maegesho hufuata namba ya gari, si dereva, ndiyo maana madeni yalinijia mimi; mnunuzi alilipa ule uliotokea gari likiwa mikononi mwake. Kadi mpya imetoka kwa jina lake, na nakala ninayo.