Hospitali ifanye kazi wikiendi sawa na Jumatano? Naombeni ushauri kabla sijaandika msimamo wa idara

Mpanga_Zamu:
Wakuu habari za humu. Mimi ni daktari kwenye wodi za magonjwa ya ndani, hospitali kubwa kiasi. Uongozi umetuletea pendekezo kwamba Jumamosi na Jumapili tufanye kazi zote kama siku za kawaida, raundi ya bingwa, kliniki, upasuaji wa kupangiwa, kila kitu, na madaktari ni hawahawa tuliopo. Idara imetakiwa itoe msimamo wiki ijayo na kuandika nimeachiwa mimi maana ndo napanga ratiba ya zamu.

Kinachonitesa ni kwamba pande zote mbili naziona zina haki. Wikiendi wodi zinabaki na daktari kijana mmoja anazunguka na simu, anapokea wagonjwa wapya huku anaitwa kwa wale waliolazwa tangu wiki iliyopita, bingwa yuko nyumbani anapigiwa akihitajika. Mgonjwa aliyeingia Ijumaa usiku anaonwa na bingwa Jumatatu, na kuna Jumatatu tunakuta kitu ambacho kilitakiwa kubadilishwa Jumamosi asubuhi. Hilo linaniuma sana. Alafu naangalia wenzangu wamechoka, wengine wana watoto wadogo, na hesabu zenyewe zinagoma, nikimweka mtu Jumapili lazima apumzike siku nyingine, tuseme Jumanne, sasa kliniki ya Jumanne anafanya nani?

Niunge mkono, nipinge, au kuna njia nyingine? Waliouguza, manesi, watu wa maabara, semeni tu, nasoma zote.

Mama_wa_Wodini:
Daktari asante kwa kuuliza, huwa hamtuulizi. Mimi ni nesi na Jumapili mchana naijua vizuri. Mgonjwa haanguki ghafla, anabadilika kidogo kidogo, anaanza kupumua haraka, presha inashuka, mkojo unapungua, namwita daktari wa zamu anakuja anaongeza dripu anakimbilia wodi nyingine, baada ya saa mbili namwita tena. Nikimwambia mpigie bingwa anasita, anaona atamsumbua mtu na familia yake. Huyo kijana sio mzembe, ni mtu wa mwaka wa kwanza kazini ameachiwa maamuzi ya mtu wa miaka kumi. Angekuwepo bingwa amesimama pale wodini hata asubuhi tu, yale maamuzi yangefanyika saa tatu na sio saa tatu usiku.

Na kuna hili watu hawaliangalii, wagonjwa waliopona wanakaa mpaka Jumatatu kwa sababu hakuna wa kuwaruhusu. Kitanda kimezuiwa na mtu mzima wa afya, mgonjwa wa kweli yuko kwenye machela mapokezi.

Mimi kliniki ya Jumapili siihitaji. Nahitaji bingwa apite kila siku.

Mtoto_wa_Mzee:
Mkuu usipinge tafadhali. Mzee wangu alilazwa Ijumaa jioni anabanwa na pumzi, tukaambiwa kipimo kikubwa kitafanyika Jumatatu. Siku mbili nzima kila tukiuliza tunajibiwa subirini timu. Alipona namshukuru Mungu, lakini ugonjwa haujui kama leo Jumamosi, kwanini hospitali ijue?

Fuatilia_Takwimu:
Pole sana mtoto wa mzee. Mpanga zamu, kabla hujaandika chochote zisome tafiti kwa makini kwa sababu kwenye kikao lazima kuna atakayezitupa mezani nusunusu.

Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa dharura karibu milioni 3.8 wa Ontario. Kati ya magonjwa 100 yanayoua zaidi, 23 yalionesha vifo vingi kwa waliolazwa wikiendi, yakiwemo kupasuka kwa mshipa mkuu wa tumboni na damu kuganda kwenye mapafu. Angalia hayo magonjwa, ni yale ambayo kuchelewa kidogo tu kunaua. Alafu 2015 Uingereza ikatoka ile takwimu ya vifo kama 11,000 zaidi kwa mwaka kwa waliolazwa kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu ukilinganisha na siku za katikati ya wiki. Wanasiasa wakaibeba, Jeremy Hunt akiwa waziri wa afya akaisukuma ajenda ya siku saba, mkataba mpya wa madaktari vijana ukazua mgomo, na Aprili 2016 madaktari hao wakagoma mpaka kwenye huduma za dharura. Wakati huohuo waandishi wa utafiti wenyewe walikuwa wameonya kwamba kudhani vifo vyote hivyo vingezuilika ni kupotosha.

Baadaye utafiti mwingine wa huko, 2016, ulilinganisha saa za mabingwa Jumapili na Jumatano, Jumapili zilikuwa kama nusu tu, lakini haukupata uhusiano na vifo. Na data za hospitali za Oxford, hukohuko Uingereza, zilizotoka 2017 zilionesha sehemu kubwa ya tofauti inatokana na hali ya wagonjwa, wanaolazwa wikiendi wanafika wakiwa hoi zaidi, vipimo vya damu vinaonesha.

Kwahiyo usiandike kwamba wikiendi inaua. Andika kwamba mgonjwa wa dharura asisubiri, hilo halipingwi na utafiti wowote kati ya hizi.

Darubini:
Naongea kutoka maabara. Mnajadili madaktari tu. Mlete bingwa Jumapili, aandike vipimo kumi, maabara niko peke yangu, chumba cha picha kuna mtu wa kuitwa, famasi imefungwa saa sita. Bingwa atasimama na kalamu mkononi. Huduma kamili ni mnyororo mzima, ukiimarisha pete moja tu hauwi imara. Iandike hii kwa herufi kubwa.

Usiku_Mrefu:
Mimi ni daktari pia na naomba usiweke sahihi kwenye "hawahawa tuliopo". Marekani msichana Libby Zion alifariki 1984 akiwa chini ya madaktari vijana waliokuwa kwenye zamu ndefu, New York ikaja kuweka ukomo wa saa 80 kwa wiki na 2003 ukawa wa nchi nzima, na hata 80 ni nyingi. Utafiti wa Boston wa 2004 ulikuta madaktari wa mafunzo wenye zamu za saa 24 na zaidi walifanya makosa makubwa zaidi kwa asilimia 36 hivi kuliko walipofupishiwa zamu. Ukitandaza watu walewale kwenye siku saba utapata Jumapili yenye daktari na Jumatano yenye daktari aliyechoka, na mgonjwa wa Jumatano naye ni mgonjwa.

Mpanga_Zamu:
Asanteni sana, kweli mmenifungua. Naanza kuona kwamba pendekezo limechanganya mambo mawili. Wagonjwa wa dharura na waliolazwa wana haki ya siku saba kamili, hapo sitarudi nyuma. Kliniki na upasuaji unaoweza kusubiri vibaki siku za wiki mpaka watu waongezwe. Nataka niombe bingwa awepo wodini Jumamosi na Jumapili asubuhi kwa zamu, alipwe na apewe mapumziko yaliyoandikwa kwenye ratiba, pamoja na maabara, picha na famasi. England wana kiwango kwamba mgonjwa wa dharura aonwe na bingwa ndani ya saa 14 tangu alazwe, nadhani nitakiomba hicho.

Sasa wakisema bajeti ya kuongeza watu haipo mwaka huu, nianze na nini?

Mama_wa_Wodini:
Anza na Ijumaa mchana. Kila mgonjwa aandikiwe kwenye faili mpango wa siku mbili, akibadilika tufanye nini, nani apigiwe, na nani anaweza kuruhusiwa Jumamosi na nesi akitimiza masharti yaliyoandikwa. Na mabingwa wenyewe wawatamkie vijana mbele yetu kwamba kupigiwa simu usiku ni kazi yao. Bingwa mmoja mmoja akubali kupita asubuhi kwa muda wa saa mbili tu, kwa wale wapya na wale walio hoi, wengine wasubiri. Hilo halihitaji bajeti kubwa, linahitaji wewe uliandike kwenye ratiba kwa majina.

Darubini:
Na orodha ya vipimo vya Jumapili tuletewe Ijumaa, tuandae vitendanishi mapema.