"12:05 a.m. Saturday" ni usiku upi?

MsambaaOhio: Wakubwa shikamooni. Nimekosa basi la Columbus kwenda Chicago na nauli hairudi. Tiketi imeandikwa "12:05 a.m., Saturday". Ninavyojua "a.m." ni asubuhi, ila saa sita na dakika tano asubuhi haipo, basi nikasema huu ni usiku, na usiku wenyewe ni wa Jumamosi. Nikapika pilau ya njiani, nikaoga, saa tano na nusu usiku nipo kituoni na begi. Dada wa dirishani akaitazama simu yangu: "Basi lako limeondoka leo." Leo saa ngapi, na mimi nimeshinda nyumbani nakuna nazi?

mwalimu_mstaafu: Marahaba, pole mwanangu. "A.m." ni Kilatini, kabla ya adhuhuri. Tarehe ya Kizungu inageuka saa sita usiku, na "a.m." inaanzia hapo hapo, giza totoro. Basi lako liliondoka dakika tano baada ya Ijumaa kwisha. Sisi tunasema usiku wa kuamkia Jumamosi, wala hakosi mtu basi.

BintiPangani: Ungemfuata bibi yangu ungelipanda! Kwake usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishatua, maana siku ya Kiislamu inaanza magharibi. Usiku wa Jumamosi angekupeleka kituoni Ijumaa.

MsambaaOhio: Dada, sisi wa Lushoto siku inaanza jogoo akiwika. Sasa na ile "12 p.m." kamili?

mwalimu_mstaafu: Hiyo kwa mazoea ni saa sita mchana, ingawa adhuhuri yenyewe si kabla wala baada ya adhuhuri. Ndiyo maana utakuta mikataba ya Kiingereza inaandika 11:59 p.m. au 12:01 a.m., kukwepa ugomvi. Ukiweza andika "noon". Neno hilo nalo lina kisa: limetoka kwa Kilatini "nona", saa ya tisa tangu jua kuchomoza. Yaani saa tisa yetu hii hii ya alasiri! Baadaye likasogezwa hadi saa sita. Mrumi wa kale angeelewana na wewe kuliko yule dada wa dirishani.

MsambaaOhio: Ahsante mwalimu. Nimekata nyingine, "12:05 a.m., Thursday". Kwa hiyo kituoni niwepo Jumatano usiku, sivyo?

BintiPangani: Jumatano saa tano usiku. Na hiyo pilau pika mchana.