Nampeleka mama Edinburgh siku mbili, bajeti ndogo na magoti yanamsumbua, nipangeje?

kijana_wa_Tyne
Wakuu heshima kwenu. Mimi nasoma Newcastle, bimkubwa anakuja kunitembelea mwezi wa tisa na nimemuahidi ntamvusha mpaka Uskoti, nafikiria Edinburgh maana kwa treni ni kama saa moja na nusu tu. Tutalala siku mbili. Nina pauni 300 za sisi wawili, nauli, malazi, chakula, vyote humo humo. Sasa mama kwenye tambarare anatembea vizuri tu ila mlima na ngazi nyingi hawezi, na kila picha ya Edinburgh nnayoiona ni mlima na ngazi. Inawezekana kweli au nibadili mji? Na ile ngome ya Edinburgh (Edinburgh Castle) tiketi yake ni kama pauni 20 kwa mtu, tuingie au tuiangalie kwa nje?

dada_wa_Leith
Mlete mama mdogo wangu, wala usibadili mji. Mimi naishi huku na nakwambia Edinburgh vitu vyake vizuri vingi ni bure, ela yako weka kwenye sehemu ya kulala iliyo karibu na basi au tram, hapo ndo utaona safari imekuwa nyepesi. Mtu anayelala mbali ili aokoe kidogo anakuja kuimalizia kwenye taksi, na mama anakuwa kachoka kabla hajaona kitu.

Anza na National Museum of Scotland, makumbusho ya taifa, pale Chambers Street. Kuingia bure, lifti zipo mpaka juu kabisa kwenye paa, na pale juu unaiona ngome, unauona mlima wa Arthur's Seat, unauona mji wote, yaani mandhari ambayo wenzenu wanaipanda kwa jasho mita 251 nyinyi mnaipata kwa kubonyeza kitufe (hali ya hewa ikiwa mbaya sana hilo paa wanalifunga, kwa hiyo mkikuta kumetulia pandeni kwanza kabla ya yote). Ndani yupo Dolly, yule kondoo aliyezaliwa 1996 kwa kunakiliwa kutoka seli ya kondoo mzima, wamemhifadhi ndani ya kioo. Mama yangu alisimama pale muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Mkitoka hapo msiondoke haraka, jengo la jirani ni Old College ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwalimu Nyerere alisoma chuo hicho, alifika 1949 akamaliza 1952. Ingieni uani, mpige picha, halafu mtembee taratibu mpaka George Square ambayo nayo ni eneo la chuo. Hakuna tiketi wala foleni na kwa mzazi wa kitanzania hiyo ni kubwa kuliko makasri yote, mimi ningeipa nusu siku nzima.

Royal Mile itembeeni kwa KUSHUKA. Barabara inaanzia juu ngomeni inateremka mpaka kasri la Holyrood, si mbali hata kilomita mbili hazifiki. Wengi wanatoka stesheni ya Waverley wanaanza kupandisha vichochoro vyenye ngazi, mama ataishia hapo. Chukueni taksi fupi iwaweke juu karibu na ngome, kisha mteremke mkipumzika njiani, kanisa la St Giles mnaingia bila tiketi ila sadaka wanapokea, na mwisho chini kabisa kuna bunge la Uskoti ambalo nalo kuingia ni bure. Angalia tu viatu vya mama, ile barabara ni ya mawe na mvua ikinyesha inateleza.

mzee_wa_reli
Kwa nauli kijana, tafuta Two Together Railcard. Ni kadi moja ya watu wawili wanaosafiri pamoja, inakata theluthi ya nauli kwa wote wawili, sharti ni moja tu la kukumbuka, Jumatatu mpaka Ijumaa haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Nunua na tiketi za Advance (zile za bei nafuu za treni moja maalum) mapema, zikitoka tu, ukisubiri wiki yenyewe ya safari utalia. Mkipanda kaeni upande wa kulia mkielekea kaskazini, bahari mtaiona sehemu kubwa ya njia hasa pale Berwick.

Malazi, mwezi wa tisa umechagua vizuri. Mwezi wa nane kuna matamasha na bei za vyumba zinapanda vibaya sana. Jua pia kwamba kwa kulala kuanzia tarehe 24 Julai 2026 jiji linatoza wageni asilimia 5 juu ya bei ya chumba, kwa hiyo ukilinganisha bei angalia kama imeshawekwa ndani.

pwani_mpaka_Clyde
Mimi napingana na wanaosema ngome ni lazima. Ndani ni mawe na mteremko mkali, na Jiwe la Majaliwa, lile la kutawazia wafalme wa Uskoti, ambalo wengi walikuwa wanalifuata halipo tena pale tangu 2024, limehamia Perth. Taji la wafalme lipo, sawa, ila kama pauni 40 kwenye 300 kwa mtu mwenye magoti yanayosumbua hapana. Kama bado unasita, Glasgow iko chini ya saa moja kwa treni kutoka Edinburgh na jumba la makumbusho la Kelvingrove ni bure, kuna ndege ya vita inaning'inia juu ya tembo, na mara nyingi mchana wanapiga kinanda kikubwa cha kanisa. Ila kwa siku mbili tu msirukeruke, kaeni mji mmoja.

kijana_wa_Tyne
Wakuu sijui niwashukuruje, hiyo ya Mwalimu sikuijua kabisa na mama atafurahi sana. Ngome nimeifuta. Swali la mwisho, chakula cha halali cha bei poa kipo maeneo hayo? Na kwenye mabasi unalipaje?

dada_wa_Leith
Chakula mmefika, msikiti mkuu uko Potterrow, hapo hapo jirani na George Square, na mitaa ya kuelekea Nicolson Street imejaa wali na kari za bei ya wanafunzi. Mchana mmoja nunueni chakula supamaketi mkale bustanini Princes Street mkiitazama ngome iliyo juu yenu, hapo mmeiona bila kulipa.

Basi za Lothian, yaani mabasi ya mji, gusa kadi ya benki kwa dereva, kila mtu kadi yake, na siku nzima tumieni kadi ile ile maana mkifika kiwango cha siku inaacha kukata. Ukilipa keshi uwe na ela kamili, chenji hawatoi. Siku ya pili asubuhi mpeleke mama Portobello kwa basi, ni ufukweni, tambarare tupu, benchi za kukaa zipo. Mwavuli acheni, upepo wa huku unauvunja, mnunulie koti la mvua lenye kofia kabla hamjatoka Newcastle. Na noti mtakazopewa huku zina sura za benki za Uskoti, ni pauni ile ile ila zitumieni ziishe huku huku, huko England kuna maduka yanazikataa.