Ulinganisho: Define 7 XL, Dark Base Pro 901 au Enthoo Pro 2 kwa kompyuta isiyo na kelele?

Msimulizi_Mikocheni

Wakuu, habari za jioni. Ninaunda kompyuta mpya ya kazi, na kilichobaki kuamuliwa ni kasha, yaani boksi la kubebea vifaa vyote. Nataka kasha refu la kusimama, lile la ukubwa wa juu kabisa, lililotengenezwa kwa ajili ya utulivu, na niko tayari kulipa zaidi mradi nipate lililo bora, kwa sababu sitarajii kulibadilisha kwa miaka mingi. Nimebaki na matatu: Fractal Design Define 7 XL, be quiet! Dark Base Pro 901 na Phanteks Enthoo Pro 2. Mzigo utapitia Dubai, na wakala anasubiri jibu langu kabla ya mwisho wa mwezi. Ninyi mngechukua lipi, na kwa nini?

Fundi_Kariakoo

Karibu mkuu. Swali ni zuri, lakini hujatupa vitu vya kulijibia. Kasha halitoi kelele lenyewe. Kelele inatoka kwa vilivyomo ndani, kisha kasha linaizuia au linaipitisha. Kwa hiyo tueleze: prosesa gani, kadi ya picha gani, diski ngapi na za aina gani, chumba kina kiyoyozi au hakina, na kelele inayokusumbua ni ya namna gani, mvumo mzito au mlio mwembamba? RTX 4090 inakula hadi wati 450 na RTX 4070 inakula wati 200, na wati zote hizo zinageuka joto ambalo lazima feni zilitoe. Mtu mwenye ya kwanza na mtu mwenye ya pili hawawezi kushauriwa kasha moja.

Dada_Raskazone

Nikiwa natumia Define 7 XL hapa Tanga, nitasema ninachokiona kila siku. Uso wake ni mlango wenye bawaba, na ukiufungua unakuta upande wa ndani umewekwa bitana ya kuzuia sauti, nyuma yake kuna chujio la vumbi linalotoka kwa mkono mmoja. Paneli za ubavuni nazo zina bitana nzito, na ukizigonga kwa kidole husikii bati likilia bali unasikia kitu kizito kilichokufa sauti. Paa lake linabadilika: unaweza kuweka paneli iliyozibwa au ile yenye matundu, kutegemea kama unataka utulivu au hewa. Linakuja na feni tatu za milimita 140, na urefu wake wa milimita 604 kwa kimo cha milimita 566 unaliweka katika daraja la makasha makubwa kweli. Kwa mtu anayetaka kitu kitulivu cha miaka mingi, kwangu hakuna mjadala.

Jambo moja tu la pwani: popote rangi inapokwanguka, chumvi ya hewa inaingia na kutu inaanza, hasa kwenye vichwa vya skrubu za nyuma. Mimi huzipaka mafuta mepesi.

Mdau_Ngara

Dada, kwa heshima, mjadala upo. Mlango uliofungwa unapunguza sauti inayotoka mbele, lakini pia unaibana hewa inayoingia, na feni ikikosa hewa inabidi izunguke kwa kasi zaidi. Hapo unalipa upande mmoja kile ulichookoa upande wa pili. Kanuni ya feni inajulikana: ukipunguza mizunguko kwa nusu, tuseme kutoka 1,200 hadi 600 kwa dakika, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa takriban desibeli 15. Ukiongeza feni ya pili inayofanana nayo, kelele inapanda kwa desibeli 3 tu. Maana yake, feni mbili za mwendo wa polepole zinakupa karibu hewa ileile ya feni moja ya mwendo wa kasi, zikiwa chini yake kwa desibeli kama 12. Hiyo ndiyo sababu ninaipigia debe Enthoo Pro 2. Uso wake ni wavu, nafasi za feni ni nyingi kuliko utakazozihitaji, na haliji na feni yoyote, kwa hiyo fedha yako yote ya feni inaenda kwenye feni ulizozichagua mwenyewe badala ya zile alizokuchagulia mtengenezaji.

Nairobi tuna bahati ya baridi. Dar es Salaam, chumba kikiwa na nyuzi 32 badala ya 22, kila kitu ndani ya kasha kinapanda kwa nyuzi karibu 10 hizohizo, na mlango uliozibwa utazidi kukuumiza.

Mbongo_Hamburg

Naona mnabishana pande mbili za jambo ambalo Dark Base Pro 901 limelitatua. Linakuja na nyuso mbili: moja imezibwa kwa ajili ya utulivu na nyingine ni ya wavu kwa ajili ya hewa, unabadilisha unapotaka. Feni zake tatu ni Silent Wings 4 za milimita 140, na kwa sikio langu sijapata feni ya kiwandani iliyo tulivu kuzishinda. Trei ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) inatoka na inaweza kugeuzwa, hivyo ukitaka ubavu wa kioo uwe kulia au kushoto, unaamua mwenyewe kulingana na meza yako ilivyo. Kampuni hii iko Glinde, hapa jirani na Hamburg, na vipuri vyake huku ni rahisi kuvipata, ingawa nakubali kwamba hilo halimsaidii aliye Mikocheni.

Udhaifu wake ni diski. Nafasi ni chache kuliko za Define 7 XL, na vizimba vya ziada unanunua kando. Isitoshe, kioo cha ubavuni hakiwezi kuzuia sauti kama bati lenye bitana.

Msimulizi_Mikocheni

Asanteni sana, na samahani kwa kutoeleza mapema. Kazi yangu ni kusoma na kurekodi vitabu vya sauti. Chumba ni kimoja: maikrofoni iko kwenye meza ileile, na kompyuta itakaa chini ya meza. Jukwaa la vitabu vya sauti la ACX linataka kelele ya nyuma isizidi desibeli −60, na kompyuta niliyonayo sasa inanipitisha kwa shida. Kiyoyozi nakizima ninaporekodi, kwa hiyo chumba kinapata joto haraka. Diski ni nane, za mizunguko 7,200, kwa sababu nahifadhi rekodi zote ghafi. Pia natengeneza video fupi za matangazo ya vitabu.

Ghala_la_Data

Diski nane za 7,200! Sasa tumefika kwenye kiini, na naomba tukae hapa kidogo, maana kasha lolote mtakalomshauri litashindwa hapo kabla ya kushindwa penginepo.

Mizunguko 7,200 kwa dakika ni mizunguko 120 kwa sekunde, kwa hiyo kila diski inatetemesha chuma kinachoishikilia kwa hezi 120. Wimbi la sauti ya hezi 120 lina urefu wa karibu mita 2.9. Sponji ya milimita chache iliyobandikwa kwenye mlango haiwezi kulifanya lolote wimbi la urefu huo. Sponji inameza sauti nyembamba, kama mlio wa feni na upepo. Bitana nzito ya lami inasaidia kwa njia nyingine, kwa kulitia bati uzito ili lisitetemeke, lakini mtetemo ukishaingia kwenye fremu utatokea miguuni, utaingia sakafuni, utapanda kwenye mguu wa meza na kufika kwenye kishikio cha maikrofoni. Zaidi ya hapo, diski nane hazizunguki kwa kasi moja kamili. Tofauti ndogo baina yao inazaa mvumo unaopanda na kushuka polepole, na huo ndio unaosikika kwenye kituo kati ya sentensi mbili, mahali ambapo msikilizaji wa kitabu cha sauti hana kitu kingine cha kusikiliza.

Define 7 XL linaweza kubeba hadi diski 18, na trei zake zina washa za mpira, kwa hiyo miongoni mwa hayo matatu ndilo linalokufaa kwa kuhifadhi. Lakini ushauri wangu wa dhati ni kwamba diski hizo zisiwe ndani ya chumba hicho hata kidogo. Weka mashine ndogo ya kuhifadhi data sebuleni, vuta waya wa mtandao, na ndani ya kompyuta ya kurekodia ubaki na SSD pekee, yaani diski zisizozunguka.

Dada_Raskazone

Ghala amesema kweli kuhusu diski. Naongeza kwamba ukijaza safu ya diski kwenye Define 7 XL, safu hiyo inakula sehemu ya urefu uliokuwa wa kadi ya picha, kwa hiyo pima kadi yako kwanza. Ila ndugu yangu wa Ngara, mpangilio wako wa wavu unahesabu hewa tu. Maikrofoni iko nusu mita kutoka kwenye kasha, na wavu hauzuii chochote.

Mdau_Ngara

Hauzuii, ni kweli, lakini kelele isiyotolewa haihitaji kuzuiwa. Feni zikiwa kwenye mizunguko 500, unazuia nini?

Mkaazi_Ngambo

Assalaam aleikum. Mnazungumza kasha lipi, na mimi naomba niseme linavyofika, kwa kuwa mwenzetu ameshataja Dubai na wakala.

Nami niliagiza kasha la daraja hilihili, kwa njia hiyohiyo, kuja Unguja. Jina la kampuni silitaji, wala la wakala. Wakala aliona boksi ni kubwa, akalifungua bila kuniuliza, akatoa povu lote la pembeni, akajaza nguo za mteja mwingine ndani ya kasha ili nafasi isipotee, kisha akalifunga kwa utepe. Lilipofika, kioo kilikuwa vipande vipande, na hicho kilikuwa ndicho kidogo. Fremu ilikuwa imepinda. Kwa macho huoni. Unaona unapofunga mazabodi, skrubu sita zinaingia vizuri na mbili za pembeni zinagoma, na unapochomeka kadi ya picha, bamba lake linasimama milimita kadhaa kabla ya kufika kwenye skrubu yake. Nililazimisha kwa bisibisi na koleo mpaka likakubali.

Kompyuta ikawaka na ikafanya kazi, lakini utulivu nilioulipia sikuupata. Mlango wa mbele haukukaa sawa tena, ukaacha mwanya juu ambao ukitia kucha inapita. Feni zikifika kasi fulani, paneli ya kulia inaanza kulia kama nyuki, nikiibonyeza kwa kidole inanyamaza, nikiiachia inaanza upya. Wakala alisema aliyeuza ndiye mwenye makosa, muuzaji akasema bidhaa ilitoka kwake ikiwa nzima, na hakuna aliyenirudishia hata senti. Kasha la utulivu ni kazi ya vipimo vya karibu. Likipinda kidogo tu, unabaki na bati zito la bei mbaya. Kwa hiyo, bwana Msimulizi, kabla ya kuchagua jina, chagua msafirishaji, na mwandikie kwamba boksi lisifunguliwe.

Fundi_Kariakoo

Pole sana, sheikh. Makasha yaliyopinda kwa namna hiyo tunayaletewa dukani mara kwa mara, na kuyanyoosha ni kazi isiyolipa.

Naomba niongeze hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Ndege inatoza uzito au ujazo, kile kilicho kikubwa. Chukua Define 7 XL, uongeze sentimita 10 za povu na boksi kwa kila kipimo, upate sentimita 70 kwa 34 kwa 67. Ukigawanya ujazo huo kwa 6,000, unapata karibu kilo 27, na wasafirishaji wa haraka wanaogawanya kwa 5,000 watakutoza kilo 32, ilhali kasha lenyewe lina kilo 16 na kidogo. Hapo ndipo mawakala wanaposhawishika kutoa povu. Mwambie utalipia ujazo kamili, naye hatakuwa na sababu ya kulifungua, au lije kwa meli.

Mbongo_Hamburg

Kuna anayeuliza kwa nini kompyuta ikae chumba kimoja na maikrofoni? Toboa ukuta, weka mashine upande wa pili. Waya wa USB 2.0 unafika mita 5 bila kifaa cha ziada, na kiunganishi cha sauti kinaridhika na hiyo. Ukifanya hivyo, hata Enthoo Pro 2 lenye feni zinazovuma halitasikika.

Msimulizi_Mikocheni

Nyumba ni ya kupanga, mkuu, na mwenye nyumba hataki hata msumari. Diski nimekubali kuzihamishia sebuleni, hilo limeniingia kabisa. Diski zikitoka, je, bado kuna sababu ya kuchukua kasha refu, au Define 7 la kawaida litanitosha? Nauliza pia kuhusu UPS (betri ya akiba ya umeme), maana umeme ukikatika katikati ya sura napoteza kazi, na ninayo inayokaa palepale chini ya meza.

Ghala_la_Data

Kama UPS ina feni, nayo itoke. Zipo ambazo feni yake haizimiki hata umeme ukiwepo, na utafukuza diski nane ukabaki nayo.

Dada_Raskazone

Ukubwa bado una faida: nafasi ya hewa, heatsink (kipoza prosesa) pana kama NH-D15 yenye kimo cha milimita 165 inaingia bila wasiwasi, na rejeta ya kupoza kwa maji ya milimita 480 ukija kuitaka. Mimi nisingeshuka kwenda dogo.

Mdau_Ngara

Kwa SSD tupu na prosesa ya wastani, ningeshuka, na tofauti ya nauli ningeinunulia feni.

Fundi_Kariakoo

Hatuwezi kumjibu la ukubwa, wadau, kwa sababu tangu mwanzo hajatutajia kadi ya picha, na video za matangazo zinaihitaji. Mkuu, kadi kubwa nyingi hutoa mlio mwembamba wa koili zikifanya kazi, na mlio huo ndio hasa ambao mlango wenye bitana unaumeza vizuri na wavu unauachia. Tuandikie jina la kadi na la pawa saplai. Kama bado hujanunua kadi, usimpe wakala jibu leo.